Kufunza mtoto pesa na kutoa kwa hadithi za Biblia, venye tunafanya huku Kisumu

Kuna kitu karibu kila mzazi anafanya na mimi nilikifanya miaka mingi. Jumapili asubuhi mko mlangoni, viatu vimepigwa rangi, unachomoa kumi bob unamwekea mtoto kiganjani, "hiyo ni ya sadaka, usipoteze." Mtoto anaibeba, anafika kanisani, anatumbukiza. Sasa hapo umemfunza nini? Umemfunza kuwa mesenja. Pesa haikuwa yake ikitoka nyumbani, haikuwa yake ikiingia kwa kikapu, yeye alikuwa boda tu ya kuifikisha. Ndo maana kijana wangu wa pili akiwa gredi ya 2 alisimama kwa mama wa mandazi akala sadaka yote na hakuona haya hata kidogo, kwa akili yake alikuwa amekula pesa ya mama, si ya Mungu na si yake.

Nafunza sande skul huku Manyatta, mwaka wa kumi na moja huu, na nina watatu wangu nyumbani. Hii njia nimeitengeneza polepole, nyingine nimekosea nikarudia. Inafaa watoto wa kama miaka 5 hadi 12. Usikimbize, chukua hata miezi mitatu.

Hatua ya 1: Mpe pesa yenye ni yake kabisa

Kabla ya hadithi yoyote. Mtoto hawezi kutoa chenye hana. Mimi kila Jumamosi jioni nawapa bob 30 kila mmoja, kwa sarafu za tano tano, sita. Usimpe noti ya 50 ama sarafu moja ya 20, hawezi kuigawanya na kugawanya ndiyo kazi yenyewe. Kama bajeti haikubali 30, mpe 10 kwa sarafu za bob moja moja, haina shida.

Na kama nyumba haina pesa ya kugawa kila wiki, tumia kuku. Huku kwetu mtoto kupewa kuku wake si kitu kigeni, kila mtu ana hadithi ya ile kuku alipewa na dani, yani nyanya yake, akiwa mdogo. Mayai ya huyo kuku ni yake, akiuza yai kwa jirani ile pesa ni yake, na hapo hata amejifunza zaidi ya wangu wenye wanangoja Jumamosi, maana ameona pesa inatoka kwa kulisha na kuokota na kungoja. Lakini kuku akiwa wake awe wake kweli, wageni wakija usimchinje bila kumuuliza.

Hatua ya 2: Aione na aishike

M-Pesa ilianza 2007, kumaanisha watoto wetu wote wamezaliwa wakiikuta. Wanaona mama akibonyeza simu na unga unakuja. Kanisani pia sadaka ni paybili, binti yangu mdogo alikuwa anadhani wakati wa sadaka ni wakati wa watu wazima kuangalia WhatsApp, na sikumlaumu, mimi mwenyewe huwa naangalia.

Sasa soma naye Marko 12, mstari wa 41 hadi 44, yule mjane maskini. Angalia venye inaanza, Yesu aliketi kuelekea sanduku la hazina akawa anatazama watu wakitia. Anatazama! Kutoa kulikuwa kitu cha kuonekana na macho na kusikika kikilia ndani ya sanduku. Ukifika hapo simama, uliza mtoto, "wewe umeshaniona nikitoa?" Jibu linaweza kukuuma.

Kwa hivyo Jumamosi pita kwa ejenti, toa pesa taslimu kidogo, hata kama sadaka yako kubwa itaenda kwa simu toa nyingine mkononi mtoto akiona. Na mwache acheze na sarafu. Zile mpya za kutoka 2018 zina wanyama, twiga kwa bob moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, ndovu kwa ishirini, watoto wa PP2 wanazijua kwa wanyama kabla hawajajua namba. "Nataka kuweka kifaru mbili kwa sadaka" ni sentensi nimesikia na masikio yangu.

Hatua ya 3: Geuza pesa ya Biblia iwe shilingi

Hii ndiyo hatua naipenda kuliko zote na sijui kwa nini walimu wengi wanairuka. Ukimwambia mtoto "dinari" hasikii kitu. Lakini Mathayo 20 inakupa ufunguo, wale vibarua wa shamba la mizabibu walikubaliana dinari moja kwa siku. Basi. Dinari ni kibarua cha siku moja. Sasa muulize mtoto, mtu akienda kupalilia shamba siku nzima analipwa ngapi huku kwetu? Tuseme 400. Weka hiyo, halafu chukua kalkuleta ya simu mkae chini.

Senti mbili za mjane zilikuwa zile sarafu ndogo kabisa za shaba, kila moja kama sehemu moja ya 128 ya dinari. Zote mbili pamoja zinakuja kama bob 6 hivi. Hata mandazi ya bob 10 hainunuliki. Sasa mtoto ataelewa mbona wengine hawakumwona huyo mama, na ataelewa Yesu alikuwa anahesabu kitu gani, kwa sababu alikuwa anahesabu kilichobaki kwa mfuko na kwa mfuko wa mama hakukubaki kitu.

Msamaria mwema alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Ni 800, na akaahidi kulipa kingine akirudi. Kumsaidia mtu usiyemjua na 800 na bado unasema nikipita tena nitamaliza, watoto wangu walinyamaza hapo.

Filipo naye, mwanafunzi wa Yesu, kwa Yohana 6 anasema mikate ya dinari 200 haitatosha huu umati. Piga hesabu, 80,000. Wanaume walikuwa kama 5,000, ukigawa ni bob 16 kila mmoja, mandazi moja na nusu na hujahesabu akina mama na watoto. Filipo alikuwa sawa kabisa, haitoshi. Darasa langu lilianza kumtetea Filipo siku hiyo, ati ticha huyu mtu alikuwa na hesabu.

Na talanta, hapo ndo utaona macho. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, yani kibarua cha karibu miaka 20. Kwa hesabu yetu ni 2,400,000. Tumezoea kumwonea huruma yule wa talanta moja kwa Mathayo 25 kama amepewa makombo, kumbe alipewa milioni mbili na ushee na akaenda kuzika! Mtoto mmoja akaniuliza kwani hakukuwa na benki. Ilikuweko, bwana wake mwenyewe anamwambia angalau ungeiweka kwa watoa riba. Soma naye huo mstari wa 27, watoto wanapenda kupata kwamba swali lao tayari liko ndani.

Hatua ya 4: Mikebe mitatu, na gorogoro ya Yusufu

Mikebe mitatu, wa kutoa, wa kuweka, wa kutumia, si mimi niliivumbua, kila mtu anaijua. Chukua mikebe ya Kimbo ama chupa za plastiki, wachore wenyewe. Chenye nitaongeza ni hiki, usimwambie aweke ngapi wapi. Mwelezee fungu la kumi, mwonyeshe wewe unafanya aje, lakini sarafu azigawe yeye. Wiki ya kwanza wangu wa mwisho aliweka sarafu tano kwa kutumia na moja kwa kuweka, kwa kutoa sufuri. Nilitamani kusema kitu. Nilinyamaza.

Kwa mkebe wa kuweka tumia Yusufu, Mwanzo 41. Miaka 7 ya shibe, miaka 7 ya njaa, na mpango wake ulikuwa kuweka sehemu ya tano ya mazao. Usiisome tu. Toa mahindi na kikombe. Pima vikombe vitano, "huu ni mwaka wa kwanza wa shibe," kimoja kiende kwa ndoo. Rudia mara saba hadi wachoke, kuchoka ni sehemu ya somo. Halafu njaa inaingia na unaanza kuchota kutoka kwa ndoo. Watoto wa huku wanaelewa haraka kwa sababu wanajua venye bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, inapanda kabla mahindi mapya hayajaingia, wanasikia mama akilalamika sokoni.

Nikuonye tu, mtoto mwenye akili atauliza mbona Yusufu aliwauzia watu badala ya kuwapa bure. Niliulizwa na msichana wa miaka tisa. Nilimwambia ni swali zuri, na ukiendelea hadi sura ya 47 utaona watu walifika mahali wakauza hadi ng'ombe na mashamba, na tukaliacha hapo bila jibu tamu. Si kila kitu ukifunge na utepe.

Hatua ya 5: Chakula cha yule mtoto

Sasa ndo ufike kwa kutoa kwenyewe, na hadithi ya kuanzia si mjane, ni yule mtoto wa mikate mitano na samaki wawili. Iko kwa injili zote nne lakini mtoto anatajwa na Yohana peke yake, sura ya 6 mstari wa 9. Mikate ilikuwa ya shayiri, chakula cha watu wa chini. Na samaki walikuwa wadogo. Watoto wa Kisumu ukiwaambia wachore hiyo hadithi wanachora mbuta wawili, wale samaki wakubwa wa ziwani kama wa ufuo wa Dunga, wakubwa kuliko mtoto mwenyewe, hapo mwalimu unacheka kwanza halafu unawaambia hapana, hawa ni samaki wa kuteremshia mkate, karibu na omena kuliko mbuta.

Andrea, mwanafunzi wa Yesu, anasema tu "yupo hapa mtoto." Biblia haituambii aliulizwa aje, alikubali haraka ama alishikilia kwanza. Kwa hivyo wacha watoto waigize. Mmoja awe Andrea, mwingine awe mtoto na chakula chake, na usiwaambie mwisho. Utaona mambo. Kuna Andrea mwenye ananyang'anya, kuna Andrea wa kudanganya "nitakurudishia kesho", kuna mtoto anasema nitatoa samaki mmoja nibaki na mmoja. Ongeeni kuhusu kila mmoja. Halafu soma mwisho, wote wakala wakashiba, yeye pia, na mabaki vikapu 12.

Wiki hiyo waulize swali moja tu, una nini chenye mwingine hana? Isiwe lazima pesa. Penseli ya ziada, nusu ya chapati, kumfunza mwenzako kujumlisha.

Hatua ya 6: Zakayo, na ile ya "leta nikuwekee"

Hii itakugusa wewe mzazi, jiandae.

Luka 19. Zakayo mtoza ushuru, mfupi, mkuyu, Yesu anamwita, anashuka mbio. Watoto wanaijua na wimbo wanaimba. Chenye hawaambiwi ni hesabu, nusu ya mali kwa maskini, na yule nilimdhulumu namrudishia mara nne. Torati haikumdai mara nne kwa kila kitu, kwa Hesabu 5 mtu aliyekiri alirudisha kile kitu na sehemu ya tano juu, hiyo ya kondoo wanne kwa kondoo mmoja ilikuwa ya mwizi wa kondoo kwa Kutoka 22. Zakayo alijihukumu kama mwizi.

Tumia vifuniko vya soda. Mtoto mmoja awe Zakayo na vifuniko 40, wengine wadai. Nusu 20 kwa maskini. Sasa mtu anasema ulinichukulia mbili, rudisha nane. Mwingine, ulinichukulia tatu, rudisha kumi na mbili. Zakayo anaishiwa haraka sana na darasa lote linacheka, na unaweza kuuliza, mbona bado anafurahi?

Tulipomaliza hii nyumbani kifungua mimba wangu akaniangalia akasema, "Mama, na zile pesa za anko?" Nikauliza gani. Akasema zile anko alinipa Krismasi, mia moja, ukasema leta nikuwekee.

Sote tunajua hiyo benki. Mgeni anaondoka, anampa mtoto kitu, gari likitokea kwa geti mama ananyoosha mkono, na hiyo akaunti haijawahi kutoa mtu pesa tangu dunia iumbwe. Mama yangu alinifanyia, mimi nikaendeleza. Nilikaa nayo siku mbili halafu Jumamosi nikamhesabia 400, mara nne, mbele ya wadogo zake. Iliniuma kwa sababu ilikuwa karibu na ada ya mtihani. Lakini nakwambia ukitaka mtoto akuamini unapoongea juu ya pesa, lipa hilo deni kwanza. Kama huwezi mara nne, rudisha ile ile moja na uombe msamaha.

Hatua ya 7: Deni la duka

Haraka tu. Watoto wetu wanatumwa dukani "mwambie aandike", wanajua daftari la deni kuliko sisi tunavyodhani. Soma 2 Wafalme 4, yule mjane mwenye mdai alikuwa anakuja kuchukua wanawe wawili. Watoto wenyewe ndio walikuwa wanamletea mama vyombo akimimina mafuta. Na nabii Elisha alimpa mpangilio, uza, lipa deni, halafu mle kwa kilichobaki. Mwisho wa mwezi mchukue mtoto mwende naye kulipa duka, aone jina lenu likikatwa.

Hatua ya 8: Kutoa bila kumwaibisha mtu

Ruthu sura ya 2. Sheria kwa Walawi 19 ilisema usivune hadi pembe za shamba, ziache za maskini na mgeni. Boazi, mwenye shamba, akaongeza yake, akaambia vijana wake waangushe masuke makusudi ili Ruthu aokote, na wasimkemee. Fikiria hiyo. Alimpa kwa njia yenye Ruthu angeweza kwenda nyumbani akisema "nimeokota", si "nimepewa".

Huku kwetu mtindo umekuwa ule wa kwenda kwa watoto yatima na unga na kamera. Watoto wanapangwa mstari, picha, picha tena kwa sababu wa nyuma hakuonekana, jioni iko kwa stetasi. Mimi darasa langu tulikataa. Mtu akipeleka kitu simu zinabaki kwa mkoba wa ticha. Kuna mtoto kwa darasa hakuwa na kitabu cha kuandikia, wenzake wakachangisha vifaru vyao wakanunua, na shida ikawa atapewa aje. Wakafikiria wiki nzima! Mwishowe wakakiacha kwa dawati lake na jina lake limeandikwa tayari. Hadi leo hajui ni nani na mimi sitasema.

Makosa yenye nilifanya, usirudie

Anania na Safira, wale mume na mke waliouza shamba, wakaficha sehemu ya pesa na wakaanguka wakafa, niliwahi kuwafunzia watoto wa miaka mitano. Mmoja alilia, akakataa kushika kikapu cha sadaka mwezi mzima. Ngoja wafike kumi. Na ukifika huko angalia Matendo 5 mstari wa 4, Petro anamwambia Anania shamba lilikuwa lako, na hata ulipouza pesa ilikuwa kwa uwezo wako. Hakuna mtu alimlazimisha. Kosa lilikuwa uongo.

Ya pili, usimwambie mtoto ukitoa kumi Mungu atakurudishia mia. Mtoto anachukua neno kama lilivyo. Atatoa kumi, atangoja mia, Jumatano atakuuliza imefika wapi. Na akikua, ile akili ya weka kidogo upate kubwa ataipeleka kwa beting. Mpe 2 Wakorintho 9:7, si kwa huzuni, wala si kwa lazima, moyo wa ukunjufu, inatosha. Na kama ni si kwa lazima basi Jumapili mtoto akisema leo sitoi, usimkunjie uso. Yule wangu wa sufuri alikaa Jumapili tatu bila kutoa na nyanya yake akaniambia nalea Farao.

La mwisho la kufanya: mwonyeshe inaenda wapi

Watoto watauliza Mungu hufanya nini na hizo sarafu. Usimwambie "zinaenda mbinguni". Ongea na mweka hazina, uliza mkutano wa watoto ulitoa ngapi na ilinunua nini, halafu wapeleke wakaone kwa macho. Inaweza kuwa chaki, mabati mawili, sabuni. Sisi mwezi huo ilikuwa imenunua bulbu mbili za choo. Nikawapeleka wote thelathini, nikawasha, nikazima, nikawasha. Yule Farao wangu, mwenye alikuwa ametoa kifaru kimoja Jumapili iliyopita, akaniuliza yake ni ipi.

Nikamwambia ya kushoto.